Walioruka Ua: Sheng na Kiingereza katika Mitaa ya Nairobi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazazi, walimu na vijana katika ukumbi wa kijamii, Eastlands, Nairobi. Inachapishwa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi wetu mliokaa safu ya mbele, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mnajiandaa kutoroka: wakubwa, shikamooni; vijana, niaje?

Naona mwenyekiti amenitupia jicho. Ana haki. Aliponialika, aliniomba nizungumzie kuharibika kwa Kiswahili miongoni mwa vijana wa mjini, na kwa kuwa nimefundisha Kiswahili katika jiji hili kwa miaka 31, alidhani kwamba nitakuja na fimbo. Nimemwomba radhi mapema, naye amenikubalia nibadilishe mada. Jioni hii nataka kuzungumza juu ya Sheng, ile lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za mama, na juu ya Kiingereza: jinsi watoto wa mitaa hii walivyoichukua lugha waliyonyimwa na wakubwa wa koloni, wakaifanya kibarua katika shamba lao wenyewe, na pia, kwa sababu sipendi kuwadanganya, mahali ambapo ushindi huo uliishia.

Nianze na kipande cha mti.

Katika shule ya msingi niliyosoma, miaka ya sabini, mwanafunzi aliyekutwa akisema neno lolote lisilo la Kiingereza alivishwa shingoni kipande cha mti kilichofungwa kamba. Alikaa nacho mpaka amnase mwenzake akiteleza, kisha akamvisha yeye. Asubuhi ya pili, kwenye paredi, yule aliyelala nacho aliulizwa alipewa na nani, na huyo naye alipewa na nani, mpaka mlolongo mzima ukatajwa na kila mmoja akachapwa. Wazee mlioko hapa mnakijua kitu hicho. Shule nyingine zilikiita diski, nyingine monita. Sisi watoto tulikipa jina letu: tulikiita mgeni. Ilipofika saa ya kwenda nyumbani tuliulizana, "Leo mgeni analala kwa nani?" Walimu walitusikia na wasishtuke, maana nani angeshangaa kusikia kwamba nyumba fulani ya Eastlands ina mgeni? Jioni moja rafiki yangu alimjibu mwenzake kwa sauti, mlangoni mwao, kwamba mgeni analala kwao. Mama yake alikuwa jikoni. Akaongeza kikombe kimoja cha unga katika sufuria, akaketi kumsubiri mgeni.

Nauliza: watoto wale, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikisha miaka kumi na miwili, nani aliwafundisha kutengeneza neno la siri? Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa na kitu cha kuficha na mtu wa kumficha, na hayo mawili yanatosha kuzalisha lugha.

Na kile kipande cha mti, ndugu zangu, kilikuwa na kaka yake mkubwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kuanzia miaka 16 kubeba kipande, yaani cheti chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake. Cheti hicho kilitiwa ndani ya kijikebe cha bati, na kijikebe kikaning'inizwa shingoni. Babu alikuwa na bati shingoni ili aruhusiwe kuingia mjini. Mjukuu akawa na mti shingoni ili aruhusiwe kuingia darasani. Nikiwatazama hao wawili pamoja, sioni sababu ya kushangaa kwamba mjukuu alitafuta namna ya kusema bila kusikika.

Sasa niwaombe subira kidogo, kwa sababu habari ya Kiingereza katika nchi hii huwa tunaisimulia nusu. Tunasema mkoloni alitulazimisha kusema Kiingereza. Ni kweli, lakini kabla ya kutulazimisha alitunyima. Walowezi wengi hawakutaka kusikia Mwafrika akisema Kiingereza. Waliona kwamba mtumishi anayekijua amejisahau. Wao wenyewe walizungumza na wapishi na vibarua wao kwa kile Kiswahili cha amri kilichoitwa Kisetla, lugha ya leta, peleka, ondoka. Kiingereza kilikuwa shamba lenye ua mrefu, na nje ya ua tulisimama sisi. Kisha mambo yakageuka. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952, shule huru za Wakikuyu zilifungwa, na Kiingereza kikapandishwa kiti katika elimu. Uhuru ulipokuja tulitarajia ua ungebomolewa. Badala yake, Tume ya Ominde ya mwaka 1964, tume ya serikali yetu wenyewe, ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ua ulibaki palepale. Kilichoongezwa ni lango, na mlinzi wa lango akawa mtihani.

Ni watoto wangapi wa mitaa hii waliopita langoni? Wachache. Waliobaki walifanyaje? Waliruka ua.

Tazameni mahali waliporukia. Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, Makongeni, Bahati: hii ndiyo mitaa ambamo Waafrika waliruhusiwa kuishi katika jiji lililotenga makazi kwa rangi. Chumba kimoja kilikuwa na baba, mama, watoto na mjomba aliyekuja kutafuta kazi. Baba Mjaluo, mama Mkamba, jirani wa kulia Mluhya, wa kushoto Mkikuyu, mwenye duka la kona Mnubi au Mswahili wa Pumwani. Mtoto wa nyumba hiyo alichezea nje kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi, na nje alikutana na watoto wa lugha zote hizo.

Wazee wanapenda kunitupia methali isemayo mkataa kwao ni mtumwa. Naiheshimu methali hiyo. Lakini naomba mnijibu: mtoto aliyezaliwa Ofafa Jericho, aliyekwenda mashambani kwa baba yake mara mbili tu katika maisha yake, na mara zote mbili kwa mazishi, kwao ni wapi? Kwao ni Jericho. Na lugha ya kwao ni ile iliyosemwa kwenye ngazi, kwenye bomba la maji na kwenye kiwanja cha mpira. Jina la Sheng lilianza kuvuma katika miaka ya sabini. Mazoea yenyewe, kwa ushahidi wa wazee waliokulia hapa, yalikuwepo kabla ya jina.

Nisikilizeni sasa kama mwalimu wa sarufi, maana hapa ndipo penye utamu. Kijana akisema, "Mathe amenisho tukutane tao," mzazi husikia fujo. Mimi nasikia kitu kingine. Mathe ni mama, na limetoka Kiingereza. Kusho ni kuambia, nalo limetoka Kiingereza. Tao ni katikati ya mji, vilevile kutoka Kiingereza. Lakini tazameni neno "amenisho". Lina kiambishi cha nafsi, a. Lina kiambishi cha wakati, me. Lina kiambishi cha mtendwa, ni. Na nyuma kabisa, peke yake, limefungwa lile neno la Kiingereza, halina hata uwezo wa kujisogeza. Nani bwana hapo na nani mtumishi? Katika darasa langu nilitumia muhula mzima kuwafundisha watoto mpangilio wa viambishi vya kitenzi cha Kiswahili, na wao walikuwa wanauimba tangu wakiwa na miaka minne.

Na si Kiingereza peke yake kilichoajiriwa. Odiero, yaani mzungu, limetoka Kijaluo. Ushago, yaani mashambani, limetoka katika neno la Kikuyu la kijiji. Risto ni neno stori lililopinduliwa kichwa chini. Keja, yaani chumba cha kupanga, wengi wetu tunaliunganisha na neno la Kiingereza la kizimba cha ndege, na aliyewahi kulipa kodi ya chumba kimoja Huruma hahitaji kuelezwa kwa nini.

Naona kijana mmoja kule nyuma anacheka. Cheka, mwanangu, lakini ujue nilifika hapa kwa kuaibishwa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, nasi walimu wa Kiswahili, tuliozoea kudharauliwa na wenzetu wa Kiingereza na Hisabati, ghafla tukapata heshima na wino mwekundu. Niliutumia wino huo bila huruma. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika insha juu ya mama yake aliyekuwa akiuza mitumba Gikomba, na kila mahali alipoandika "mathe" nilizungushia duara. Alikuja mezani kwangu na daftari. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, umeniandikia kwamba hili ni neno la kigeni. Shati ni neno la nani?" Nikasema, la Kiingereza, lakini limeshasanifishwa. "Na meza?" La Kireno. "Na shule, mwalimu?" Nikakohoa. La Kijerumani. Akauliza, "Kwa hiyo ni nani aliyakaribisha hayo, nami nikamwombe alikaribishe la mama yangu?"

Sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu nilikuwa najua jibu na sikutaka kulitamka mbele ya mtoto. Waliokaa mlangoni ni wale wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 na serikali za kikoloni ili kusanifisha Kiswahili. Kabla ya hapo, mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikuwa umeichagua lahaja ya Unguja na kuiacha Kimvita, lahaja ya mji uleule walimokutana, lahaja iliyokuwa na ushairi wa vizazi na vizazi. Tangu siku hiyo mtoto wa Mombasa aliyeandika "ndoo" kwa maana ya njoo, au "mato" kwa maana ya macho, kama walivyosema bibi zake, alipigiwa mkasi. Mimi nakipenda Kiswahili sanifu. Kimenilisha na kimesomesha wanangu, na bila lugha moja ya kukutania tusingeelewana na ndugu zetu wa Tanga wala wa Bukavu. Hata hivyo ni lazima mwalimu ajue kwamba rula anayoipimia watoto ilikatwa wapi, na nani aliikata.

Nigeuke upande wa serikali na mitaa, maana lugha ya kujificha haiwezi kuelezwa bila kumtaja anayekimbiwa. Polisi ni karao, tena ni sanse, na majina mengine ambayo sitayataja kwa sababu yakishatajwa kwenye hotuba ya mwalimu hayafai tena. Ndivyo yalivyo: neno likijulikana na karao, limekufa, linazikwa na jingine linazaliwa. Makanga, yaani utingo wa matatu, yale magari madogo ya abiria, ndiye mkunga mkuu. Jina la matatu lenyewe limetokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini, na magari hayo yaliyoanza kwa kujiiba yalihalalishwa mwaka 1973. Ndani ya magari hayo ndimo maneno yalimosafiri kutoka Dandora hadi Kawangware kabla jua halijatua.

Na mitaa ilitumia maneno kuandika historia pale ambapo magazeti yaliogopa. Wakati wa uchaguzi wa 1992, pesa zilipomwagwa kupitia kundi la vijana wa chama tawala, KANU, lililoitwa YK'92, noti ya shilingi 500 ilipewa jina la mwenyekiti wa kundi hilo: jirongo. Mtoto aliyeulizwa na mama yake "una jirongo?" alikuwa anasoma habari za siasa bila kununua gazeti. Miaka kumi baadaye, mwaka 2002, vijana wawili waimbaji walichukua kitenzi cha Kijaluo, bwogo, chenye maana ya kutisha, wakakivisha kiambishi cha Kiingereza mbele na kingine nyuma, wakapata "unbwogable", asiyetishika. Neno hilo likabebwa majukwaani na upinzani mpaka KANU ikaondoka madarakani baada ya takriban miaka arobaini. Linganisheni na lile "amenisho" la mapema. Kule Kiingereza kilikuwa mzizi na sarufi ikawa yetu. Hapa mzizi ni wa Nyanza na Kiingereza kimebaki koti tu. Sifahamu kamati yoyote ya lugha ambayo ingelithubutu kulipitisha.

Jambo hili si la Nairobi tu. Kule Afrika Kusini, Sophiatown na baadaye Soweto, vijana weusi walijenga Tsotsitaal, lugha yao ya mtaani, juu ya Kiafrikana, lugha ya waliowakandamiza, wakaipinda mpaka wenyewe wasiitambue. Na ni Soweto hiyohiyo, tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi waliandamana na wengine wakauawa kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana darasani. Nilipokuwa kijana jambo hili lilinitatiza: iweje mtu aichezee lugha mchana na kuikataa kwa damu yake asubuhi? Sasa nadhani naelewa. Mtaani walikuwa wameichukua wao. Darasani walikuwa wanatiwa nayo kamba.

Nimesifu vya kutosha. Sasa nataka kusema mahali palipouma, na nawaomba vijana msikimbie.

Rafiki yangu mmoja alikuwa karani katika mahakama moja ya jiji. Sheria yetu husema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Siku moja kijana alisimama kujieleza, akasema kwamba jirani yake alikwenda kwa karao akamchomea. Kila mmoja wenu hapa anajua maana yake: alimsengenya kwa polisi, alimsaliti. Karani, mtu wa makamo aliyekulia mbali na jiji, alitafsiri kwa hakimu kwamba jirani alimchomea kitu. Hakimu akainua kichwa, akauliza kwa Kiingereza ni mali gani iliyoungua, na ya thamani gani. Kijana akatafsiriwa swali. Akasema hakuna kilichoungua. Ikaandikwa kwamba shahidi anajikanganya. Watu walicheka kortini. Kijana hakucheka, kwa sababu alirudishwa rumande wiki mbili zaidi.

Mnaona? Lugha iliyozaliwa ili isieleweke na mkubwa ilimtii vizuri mno siku ile. Ukuta ule uliomficha mtaani ndio uliomzuia kusikika kizimbani. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na ikaitaka serikali kukuza lugha za wenyeji. Ni maneno mazuri. Lakini ingieni ofisi yoyote yenye zulia mkaone fomu zimeandikwa kwa lugha gani.

Wenye biashara nao wameshaupata ufunguo. Mabango ya barabara ya Jogoo yanatusemesha kwa Sheng tamu, yanatuita mabeste, yaani marafiki, yanatuahidi mkopo wa papo kwa papo kwenye simu. Kijana anakubali. Kisha akitaka kujua riba na kile kitakachotokea asipolipa, anakuta masharti, kurasa na kurasa, kwa Kiingereza cha mawakili. Kukualika ni kwa Sheng. Kukufunga ni kwa Kiingereza. Je, huo ni ushindi wa lugha ya mtaa? Mimi naita uvuvi.

Na kuna doa jingine ambalo sisi wanaume tunalipitia mbio. Manyanga ni matatu mpya iliyorembwa, yenye taa na muziki. Manyanga pia ni msichana mrembo. Lugha iliyomkataa mkoloni haikumwona binti wa jirani ila kama gari la kupandwa. Yule msichana wa Gikomba aliandika "mathe" kwa heshima yote. Maneno aliyorushiwa yeye akipita kituoni hayakuwa na heshima hiyo. Mabinti mlioko hapa, mnayo haki ya kuyatupa, na mtaa utazoea.

Hata hivyo niliona jambo mwaka 2024 ambalo lilinifanya nibadilishe mada ya leo. Muswada wa Fedha wa mwaka ule uliandikwa, kama kawaida, kwa Kiingereza kizito, ndani yake mkiwa na kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Zamani muswada kama huo ungepita ukiwa umelala. Safari hii vijana waliuchukua, wakauchambua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa lugha za mama zao, na kwa Sheng, kwa video fupi ambazo muuza mboga aliweza kuzisikiliza akiwa kibandani. Wakamwita Rais Zakayo, mtoza ushuru wa katika Biblia aliyepanda mkuyu, wakamwambia ashuke. Tarehe 25 Juni waliingia mpaka Bungeni; siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatatia saini. Vijana wengi hawakurudi nyumbani, na katika ukumbi huu wamo wanaowalilia, kwa hiyo sitalisema hilo kwa shangwe. Nasema tu kama mwalimu wa lugha: kwa mara ya kwanza niliona Sheng ikitumika kumfungulia mtu maandishi ya serikali, ilhali maisha yangu yote niliijua kama lugha ya kuwafungia nje.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia kwa ombi dogo.

Pale mlangoni, juu ya kile kiti cha plastiki, nimeweka daftari na kalamu mbili. Kila anayetoka, awe mzee au kijana, aandike neno moja la mtaani alilolisema akiwa na umri wa miaka kumi, maana yake, mtaa wake na mwaka. Maneno ya Kaloleni ya miaka ya hamsini yanazikwa pamoja na wazee wetu kila Jumamosi Lang'ata, na hakuna aliyeyaandika. Msijali tahajia, sina wino mwekundu leo. Ukurasa wa kwanza umeshaanzwa, maana mwenyekiti wetu, ambaye nimegundua jioni hii tu kwamba tulisoma naye shule moja, nami nikiwa nyuma yake madarasa mawili, alifika mapema kunipokea, akaichukua kalamu na kuandika: "Mgeni. Kipande cha mti. 1974. Alilala kwetu mara nyingi."